Milima Ionekanayo Kutoka Baharini



Ndugu wasomaji, likizo ya shule inakaribia, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam watoto wamekwisha kuanza kuuliza: "Safari hii tunakwenda wapi?" Jibu la wazazi wengi ni ufukwe ulio karibu. Watoto watachezea mchanga, watakula chipsi na mishikaki, kisha jioni watarejea na chumvi nyweleni. Hilo si baya. Mtoto ana haki ya kucheza, na mzazi ana haki ya kupumzika. Hata hivyo, wiki hii tunapenda kuzialika familia zetu katika safari yenye faida kubwa zaidi, nayo ni kuifuata pwani yetu kwenda kaskazini. Mwenye siku moja ataishia Bagamoyo. Mwenye siku tatu au nne atafika Pangani na Tanga, ambako mtu aliye baharini, siku ya anga safi, akigeuza uso kuelekea bara huiona milima ya Usambara imesimama nyuma ya minazi.

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Ankabut, imetuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama. Tuzingatie kwamba amri hiyo ina sehemu mbili. Kutembea ni wepesi kwa mwenye nauli, lakini kutazama ni jambo la kufundishwa. Mtoto asiyeonyeshwa atapita mbele ya msikiti wa miaka mia saba akiwa ameinamia simu, na baba yake asiyejua la kusema atanyamaza. Makala hii imekusudiwa kumsaidia baba huyo, na mama pia, wapate la kuwaambia watoto wao njiani.

Barabara inayoelekea Kibla

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulitambui. Dar es Salaam na Makka zote ziko kati ya nyuzi 39 na 40 za longitudo ya mashariki. Maana yake ni kwamba kwa mtu wa pwani hii, Kibla kiko karibu kaskazini halisi. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo kwenda Tanga, kwa jumla anasafiri akielekea Kibla, bahari ikiwa kuliani kwake na bara kushotoni. Mwambieni mtoto hivyo mkiwa garini, na hatahitaji dira tena. Mkisimama kusali popote njiani, atajua mwenyewe pa kuelekea kwa kuitazama bahari.

Kuhusu Sala ya safari, Bagamoyo iko kiasi cha kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wameweka masafa ya kupunguza Sala kuwa marhala mbili, na wengi wa zama hizi huyakadiria kuwa zaidi ya kilomita 80. Kwa hiyo, anayekwenda Bagamoyo na kurudi siku hiyo hiyo asiharakishe kupunguza. Anayekwenda Tanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, hana shaka. Mwenye hali tofauti na hizi amuulize sheikh wake kabla ya kutoka nyumbani, badala ya kuanza kubishana mkiwa njiani.

Kabla hamjafika mbali, Kunduchi pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ambayo baadhi yake yalipambwa kwa sahani za Kichina. Wakazi wengi wa jiji wamelala na kuamka jirani na mahali hapo miaka yote bila kupakanyaga. Nusu saa inatosha, na itawaandaa watoto kwa Kaole.

Kaole: msikiti, makaburi na mikoko

Kaole iko kilomita chache kusini ya mji wa Bagamoyo. Hapo pana magofu ya misikiti miwili, ambao wa zamani zaidi unanasibishwa na karne ya 13, pamoja na makaburi kadhaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipachimba mwaka 1958, na vyombo vilivyopatikana humo vinaonyesha kwamba watu wa hapo walifanya biashara na nchi za mbali.

Ingieni msikitini kwa adabu. Hata bila paa, mahali hapo palijengwa kwa ajili ya kusujudu. Waonyesheni watoto kibla cha msikiti na muwaulize kinaelekea wapi. Aliyekuwa makini garini atajibu kaskazini. Hapo atafahamu kwamba zaidi ya miaka mia saba iliyopita, watu wasiokuwa na simu wala ramani za kuchapwa walijua kwa hakika Makka iko upande gani, wakajenga kwa mawe kuelekea huko.

Kisha tembeeni hadi ukingoni mwa mikoko. Kaole ilikuwa bandari, na leo hapo ilipokuwa bandari pana msitu wa mikoko na tope. Mchanga na matope vilijaa kidogo kidogo, bahari ikasogea, na vyombo vikahamia Bagamoyo. Hakuna vita vinavyohitajika ili mji ufe. Wakati mwingine maji hubadili njia yake, na watu wakahama taratibu. Hili ni somo kwa watoto, na hata kwa sisi watu wazima tunaodhani kwamba tulichonacho leo kitakuwepo daima.

Kwenye makaburi, toeni salamu na muwaombee dua waliolala humo. Msipande juu ya makaburi kwa ajili ya kupiga picha, na msiwaruhusu watoto kung'oa vipande vya mawe kuwa kumbukumbu. Baadhi ya makaburi hayo yana habari nyingi zinazosimuliwa, na wapo watu ambao huyaendea kwa haja zao. Mjadala wa mambo hayo tunawaachia masheikh. Mzazi anaweza kumwambia mwanawe kwa lugha nyepesi kwamba maiti anahitaji dua yetu, na sisi tunahitaji mazingatio kutoka kwake.

Bagamoyo: tuwaambie watoto ukweli wote

Kuna maelezo mawili ya jina la mji huu. Wapo wasemao kwamba wapagazi waliotoka bara wakiwa wamechoka walifika hapa wakaubwaga moyo, yaani wakapumua, safari ikiwa imekwisha. Wapo wasemao kwamba waliofika wakiwa mateka ndio walioubwaga moyo, kwa sababu mbele yao ilikuwa bahari na nyuma yao hapakuwa na njia ya kurudi. Maelezo yote mawili yana historia ndani yake. Misafara iliyotoka Ujiji na Tabora iliishia hapa, ikileta pembe za ndovu na ikileta watu.

Hapa wazazi wengi wa Kiislamu huona uzito. Mtembeza wageni akianza kueleza habari ya utumwa, baba humshika mtoto mkono akamwongoza kwenye maduka ya vinyago. Sisi tunaona kuwa hilo si sahihi. Miongoni mwa waliomiliki misafara na watumwa walikuwemo Waislamu, Waarabu na Waswahili. Miongoni mwa walionunua walikuwemo watu wa dini nyingine na wa mabara mengine, na bidhaa zilizolimwa na kubebwa kwa jasho la watumwa zilifika Ulaya na Marekani. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba ambao Sayyid Barghash wa Zanzibar alilazimika kuutia saini mwezi Juni 1873, ingawa magendo yaliendelea baadaye. Mtoto asiposikia habari hii kutoka kwa mzazi wake, ataisikia kwa mwingine, na siku hiyo atajiuliza kwa nini baba yake alinyamaza. Dini yetu imeamrisha uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Kuficha dhulma kwa sababu aliyeitenda alikuwa wa kwetu si kuitetea dini.

Na ukweli wote una upande wake wa pili, ambao nao hausemwi mara nyingi. Bagamoyo ilikuwa na shehe mkubwa wa tariqa ya Qadiriyya aliyeitwa Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Shehe Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Asili yake ilikuwa Manyema, mashariki ya Kongo, na alifikishwa pwani akiwa mtoto mtumwa. Mtoto huyo aliyeletwa bila hiari yake, bila mama wala ukoo, alisoma dini, akafanya biashara, akafundisha, mpaka watu wa mji, waungwana na wasio waungwana, wakakaa mbele yake kutaka elimu. Hata baada ya kufa kwake, Maulidi ya Bagamoyo iliendelea kuwakusanya watu kutoka mikoa mingi.

Tumhadithie mtoto habari zote mbili pamoja. Tukimwambia ya kwanza peke yake, atadhani mji huu haukuwa na jingine ila kilio. Tukimwambia ya pili peke yake, atadhani dhulma ilikuwa jambo dogo. Akizisikia zote, atajua kwamba watu walidhulumiwa hapa, na kwamba aliyedhulumiwa alikuwa na akili, heshima na uwezo wa kuongoza, sawa na yeyote aliyemdhulumu.

Mji wenyewe mtautembea kwa miguu. Ipo Ngome Kongwe iliyojengwa mwaka 1860 na baadaye kutumiwa na Wajerumani, ambao waliifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Zipo nyumba zenye milango ya kuchonga, nyingine zimekarabatiwa na nyingine zinaporomoka. Lipo kanisa ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa mwezi Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka katikati ya Afrika kwa miezi mingi. Hata huko wapelekeni watoto wakaone. Waliobeba jeneza walikuwa Waafrika, na uaminifu wao kwa amana waliyojipa unastahili kuhadithiwa.

Jioni shukeni soko la samaki. Angalieni mnada, tazameni mafundi wanavyotengeneza mashua, na nunueni samaki wa kukaangwa na mihogo. Wamama wanaotafuta mahali pa stara kwa mabinti zao wataona kwamba alfajiri, mara baada ya Sala, ufukwe huwa mtulivu, jua si kali, na wavuvi wamekwishatoka au ndio wanarejea.

Mlima uliokwisha kufika baharini

Mkiwa Bagamoyo, mtoto anaweza kuuliza: "Milima mliyotuahidi iko wapi?" Ukisimama ufukweni hapo utaona maji tu mbele yako, na upande ule iko Unguja. Lakini mpelekeni aone rangi ya bahari upande wa kaskazini ya mji baada ya mvua. Maji ni ya kahawia. Huo ni Mto Ruvu unaomwaga maji yake, na Ruvu chimbuko lake ni milima ya Uluguru huko Morogoro. Mbele zaidi, karibu na Saadani, Mto Wami huleta maji ya milima ya Ukaguru na Nguru. Na Pangani, ule mto mpana unaopita kando ya mji, umeanza safari yake kwenye Kilimanjaro na Meru, ukapita chini ya Usambara.

Kwa hiyo milima imekwishafika baharini kabla yetu. Udongo wake ndio uliolisha mikoko ambamo kamba na samaki huzaana. Tena kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Dar es Salaam: sehemu kubwa ya maji ya bomba tunayotilia udhu hutoka Ruvu. Anapokata mtu msitu Uluguru, au anapolima ukingoni mwa mto, anayeathirika yuko Ilala na Kinondoni, ameshika ndoo akisubiri bomba. Watu wa mlimani na watu wa pwani wamezoea kuitana majina, huyu wa bara na yule wa pwani. Mto hautambui mpaka huo. Mwenyezi Mungu ametufunga kwa kamba moja ya maji, na haki ya jirani inamfikia hata jirani tusiyemwona.

Machungwa ya Mtangata

Wanaoendelea mbele wana njia mbili. Ya kwanza ni ile ya pwani, kupitia Makurunge, Saadani na Pangani. Ni njia yenye historia. Saadani ndiko alikotawala Bwana Heri, na Pangani ndiko Abushiri bin Salim alikonyongwa na Wajerumani mwezi Desemba 1889, baada ya wawili hao kuongoza upinzani wa watu wa pwani. Lakini ulizeni kwanza hali ya barabara, hasa msimu wa mvua. Njia ya pili ni ya lami kutoka Bagamoyo hadi Msata, kisha barabara kuu hadi Segera, na hapo mnakata kulia kwenda Muheza na Tanga. Mkishapita Segera, tazameni kushoto. Usambara itakuwa pamoja nanyi mpaka karibu na mji.

Mkiwa Tanga, rudini kusini mwendo mfupi kwa njia ya Pangani mfike Tongoni. Jina lenyewe linaeleza, kwani tongo ni mahali palipohamwa. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Zamani pwani hii iliitwa Mtangata.

Mwezi Aprili 1498, msafara wa Vasco da Gama ulikuwa ukipita hapa kuelekea Mombasa. Chombo chao kimoja, São Rafael, kilipanda fungu alfajiri na kukwama. Daftari la safari hiyo, lililoandikwa na mmoja wa waliokuwemo, linaeleza kwamba kuielekea sehemu hiyo waliona safu ya milima mirefu, wakaipa milima hiyo jina la chombo chao. Hiyo ni Usambara, iliyoonekana kutoka baharini kwa macho ya wageni. Walipokuwa wamekwama, watu wa Mtangata waliwaendea kwa mitumbwi. Mtumbwi mmoja ulijaa machungwa, na mwandishi wa daftari hilo anakiri kuwa yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno.

Tuyatafakari machungwa hayo. Waliokwama walikuwa wageni wasiojulikana, wenye silaha na lugha ngeni. Waislamu wa Mtangata waliona watu walio katika shida, wakawapelekea tunda. Maji yalipojaa, chombo kikaelea. Mwezi Januari 1499, wakiwa safarini kurudi, Wareno walikichoma chombo hicho hicho karibu na hapo, kwa kuwa mabaharia wao wengi walikuwa wamekufa na hawakubaki wa kutosha kukiendesha. Na mwaka 1505, msafara wao mwingine chini ya Francisco de Almeida uliipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Je, watu wa Mtangata walikosea kutoa machungwa? Wahenga wamesema: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Wema wao uliandikwa na mgeni mwenyewe, kwa mkono wake, na umebaki kusomwa kwa zaidi ya miaka mia tano. Dhulma iliyofuata imeandikwa kwa walioitenda. Mtoto akilielewa hilo akiwa amekaa kivulini Tongoni, anamenya chungwa lililonunuliwa Muheza, ambako hadi leo ni nchi ya machungwa, atakuwa amepata somo ambalo darasani lingechukua muhula mzima.

Na lile jina walilolitoa Wareno limepotea. Hakuna mtu wa Tanga anayeiita milima hiyo São Rafael. Inaitwa Usambara kwa sababu Washambaa wanaishi humo, na watoto wao hulitaja jina hilo kila siku. Jina hubaki kwa kutajwa. Hapa ndipo penye hofu yetu. Waulizeni vijana wenu leo majina ya fukwe za Dar es Salaam, watawatajia majina ya hoteli. Waulizeni Kaole, Mtangata, Saadani, Shehe Ramiya, Bwana Heri, wengi watanyamaza. Wahenga wetu waliokuwa mabaharia walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mtoto aliyeachiwa wengine wamtajie majina ya nchi yake anasafiria nyota ya mwenzake.

Kuiona Usambara kutoka majini

Sasa tuje kwenye mandhari yenyewe. Kwa nini baharia huona mlima kabla hajaona ufukwe? Kwa sababu dunia ni mviringo, na bahari imepinda pamoja nayo. Mnazi wa mita 20 hufichwa na mpindo huo ukiwa mbali zaidi ya kilomita 16 hivi kwa jicho lililo usawa wa maji. Kilele cha mita 1,000 huweza kuonekana, anga likiwa safi, hadi kilomita 113. Usambara ya mashariki ina vilele vinavyozidi mita 1,000. Ndiyo maana ndugu zetu wa pwani ya magharibi ya Pemba, walio kiasi cha kilomita 50 kutoka bara, siku nyingine jioni huona milima ya Tanga imejichora chini ya jua linalozama, ilhali ufukwe wa Tanga wenyewe hawauoni.

Elimu hii haikuwa ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 11, Abu Rayhan al-Biruni alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, akapima jinsi upeo wa macho ulivyoshuka chini, na kwa hesabu hiyo akakadiria ukubwa wa dunia. Kijana wenu wa sekondari anayelalamika kuwa hesabu za pembe hazina kazi, mpeni habari hiyo mkiwa ndani ya mashua.

Wakati mzuri wa kutazama ni asubuhi mapema, na hasa siku inayofuata mvua iliyosafisha vumbi hewani. Mchana joto huleta ukungu mweupe na milima hutoweka. Kutoka Pangani, wengi huenda Maziwe, ambayo ni hifadhi ya bahari. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wengi walitaga hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miti yote ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kwa hiyo lazima mjue maji. Mwenye kalenda ya Kiislamu ana msaada mkononi. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapo maji hutoka mbali sana na kujaa sana. Maji mafu huja karibu na tarehe 7 au 8, na tena karibu na 22. Muulizeni nahodha saa ya kupwa na saa ya kujaa, naye akiwaambia muda wa kuondoka umefika, ondokeni.

Tunasisitiza usalama, kwa kuwa jamii yetu imekwisha kulia vya kutosha. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia ya roho zikapotea. Msipande chombo kilichojaa. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea lililofungwa sawasawa, na wanawake wavae jaketi juu ya baibui. Pepo za kusi zikivuma kwa nguvu, ahirisheni. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni baada ya kumfunga ngamia, na ngamia wa baharini ni jaketi hilo.

Familia isiyo na uwezo wa kufika Tanga isihuzunike. Kaole na Ruvu zinatosha kwa mwaka huu. Asiye na gari apande basi la Bagamoyo, afunge chakula chake, na ajiandae kwa maneno. Kazi kubwa ya safari hii hufanywa nyumbani usiku mmoja kabla, baba na mama wakikaa na watoto, ramani mezani, wakiwaambia watakayoyaona, nani alikaa hapo, na alitenda nini, jema na baya. Babu au bibi akiwepo aalikwe aseme ya kwake, kwa maana mengi ya pwani hii hayajaandikwa, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.

Tunasema milima haikutani bali binadamu hukutana. Pwani hii ilikutanisha watu wa Manyema na wa Hadhramaut, wa Usambara na wa Pemba, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo, na sisi ni watoto wao wote. Tuwachukue watoto wakaone walipokutana.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari njema, awarejeshe salama, na ajaalie kuona kwetu kuwe ni mazingatio. Tukutane wiki ijayo, Inshaallah.